Jengeni Sanduku Lenu la Umeme

Vijana wa Bujumbura mnaopanga kwenda kulala nje, kule ufukweni Rumonge au ukingoni mwa msitu wa Kibira, acheni kuuliza nani ana jenereta. Miaka hii ya uhaba wa mafuta, ambapo dereva analala foleni kituoni, jenereta ni mzigo wa chuma unaosubiri petroli isiyokuja. Umeme wa safari yenu mnaweza kuupata bila petroli: betri, fyuzi, waya, swichi, tundu za kuchajia, na sanduku lenye mpini. Na mnaweza kuliunda wenyewe. Nasema wenyewe kwa maana ya mikono yenu, juu ya meza yenu, na kila mmoja wenu akijua kilichomo ndani.

Kwanza shikeni kalamu. Wengi hukimbilia dukani wakaomba betri "kubwa", na muuzaji huwapa kubwa kweli, ya gari, ambayo hakuna atakayetaka kuibeba mlimani. Umeme wa usiku mmoja unahesabika. Chukueni kundi la vijana wa kwaya, wa msikitini au wa skauti. Taa mbili za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka kwa saa tano, zinatumia wati-saa 50. Simu sita, kila moja ikihitaji takriban wati-saa 15 ili ijae, ni 90. Spika ndogo ya wati 10 kwa saa tatu ni 30. Jumla 170. Ongezeni sehemu ya tano kwa ajili ya ule unaopotea njiani kama joto, mnapata 204. Nendeni dukani na namba hiyo! Betri ya volti 12.8 yenye ampea-saa 20 inabeba wati-saa 256, kwa kuzidisha tu volti na ampea-saa. Inawatosha, na chenji inabaki.

Mtu aliyefanya hesabu hii mara moja hadanganyiki tena. Hesabu hiyohiyo itawaambia kwa nini pasi ya wati 1,000 haina nafasi katika sanduku hili: kwa volti 12 ingevuta zaidi ya ampea 80, na waya wenu ungeyeyuka. Itawaambia pia kwamba kigeuza-umeme, kile cha kupandisha volti hadi 220, hamkihitaji kwa taa na simu. Kinakula umeme hata kikiwa hakina kazi. Tundu za volti 12 na za USB zinatosha, nami nashauri sanduku la kwanza lisiwe na kitu kingine.

Kuhusu betri yenyewe nina msimamo. Betri ya asidi inapatikana kila kona na bei yake ni nafuu, lakini ukizoea kuimaliza kupita nusu inakufa mapema. Kwa hiyo ili mpate zile wati-saa 204 bila kuiumiza, mtahitaji ya ampea-saa 40 hivi, na uzito wake unapita kilo kumi. Ile yenye maandishi LiFePO4, yaani lithiamu, chuma na fosfati, inatoa karibu umeme wake wote, uzito wake ni kama kilo tatu, na inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Bei yake inauma mwanzoni. Changeni! Watu kumi wakichanga kwa miezi michache wanaifikia, na itawatumikia miaka.

Aliyetufungulia njia ya betri hiyo aliitwa John Goodenough. Utafiti wa maabara yake katika Chuo Kikuu cha Texas juu ya lithiamu, chuma na fosfati ulichapishwa mwaka 1997, yeye akiwa katika miaka yake ya sabini. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 97, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Mwenye miaka ishirini anayesema amechelewa kujifunza umeme na asikie hilo.

Walimu mnao, tena karibu. Ukisimama ufukweni usiku usio na mbalamwezi utaona taa za wavuvi wa ndagala zimetapakaa juu ya Tanganyika. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Leo wavuvi wengi wa ziwa hili wanatumia LED na betri, ndani ya mtumbwi unaotikiswa na mawimbi na kurushiwa maji hadi asubuhi. Wao wanajua jinsi ya kufunga betri isicheze, jinsi ya kuziba unganisho lisipate kutu, na taa gani inadumu. Nendeni mkawasalimie asubuhi wanapoanika samaki, mkae nao, muulize. Kisha pandeni Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, ambako gari lililokatiwa tamaa linarudi barabarani. Fundi umeme wa magari anaijua volti 12 kuliko kitabu chochote. Mwambieni mnataka kujifunza kubana vichwa vya waya sawasawa; mlipeni muda wake, na asiwafanyie: awaonyeshe, ninyi mfanye. Na dada zetu wasiachwe pembeni kushika tochi wakati kaka zao wanashika bisibisi. Anayeunganisha waya wa kwanza awe msichana.

Sasa hapa naomba utulivu wenu wote, maana betri ndogo ikikosewa inaunguza nyumba. Fyuzi inakaa kwenye waya unaotoka upande wa chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, kabla ya swichi na kabla ya kitu kingine chochote. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 10 inafaa, na inawapa kama wati 120, zaidi ya mahitaji yenu. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu. Anayeirudishia kwa kipande cha waya ameondoa kinga ya wenzake waliolala hemani. Vueni pete na saa kabla ya kugusa vichwa vya betri. Spana izungushieni utepe wa nailoni ibaki ncha tu, kwa sababu ikigusa chanya na hasi kwa pamoja itatoa cheche na kuiva kwa dakika.

Betri ya lithiamu lazima iwe na kadi ya ulinzi, ile iliyoandikwa BMS, ambayo ni mlinzi wa geti: hufunga njia seli moja ikizidi kiwango wakati wa kuchaji, na hufunga tena ikishuka mno wakati wa kutumia. Kwa LiFePO4 mipaka hiyo ni kama volti 3.65 juu na 2.5 chini kwa kila seli, na seli nne zikifuatana ndizo zinazotoa ile 12.8. Kwa sanduku la kwanza nunueni betri iliyokwisha kufungwa pamoja na kadi yake. Seli za kompyuta mbovu zinavutia kwa kuwa hupatikana bure, lakini ziacheni mpaka mpate fundi wa kuwasimamia na kifaa cha kuzipima. Iliyobonyea au kuvimba haina matumizi tena. Wala msichanganye aina.

Sanduku lichongwe na seremala wa mtaani, au tumieni lile la plastiki la kuwekea vifaa. Betri ibanwe kwa mkanda isisogee. Tundu zitazame pembeni, zenye vifuniko, kwa sababu mvua zetu zinaanza Septemba na hazitaki kuondoka hadi Mei. Na lisiachwe juani limefungwa, joto huzeesha betri.

Kuchaji ni kazi ya jua. Paneli ya wati 50, ikipata saa nne za jua kali, itawapa wati-saa 150 au zaidi kidogo, sehemu kubwa ya matumizi ya usiku. Kati yake na betri kunakaa kidhibiti chaji kinachokubali aina ya betri yenu. Unganisheni betri kwanza, paneli baadaye; mkifungua, paneli itoke kwanza.

Kama kuna anayeona haya kubeba sanduku la kuundwa nyumbani, namletea habari ya Laura Stachel, daktari wa uzazi kutoka Marekani. Mwaka 2008 alikwenda Nigeria kuchunguza kwa nini akina mama wanakufa wakijifungua, akakuta hospitali ambako umeme ukikatika upasuaji unabaki gizani. Mumewe, Hal Aronson, mwalimu wa umeme wa jua, alibuni mfumo kwa ajili ya hospitali hiyo, kisha akatengeneza mfano mdogo unaoingia kwenye sanduku la safari ili mkewe akawaonyeshe madaktari. Wahudumu walipouona hawakutaka uondoke, na kliniki za jirani zikaanza kuuliza zao zitakuja lini. Wakaendelea kuunda masanduku ya namna hiyo nyumbani kwao Berkeley, California. Leo shirika lililozaliwa hapo, We Care Solar, limefikisha masanduku hayo katika maelfu ya vituo vya afya, Uganda ikiwemo.

Sanduku lenu nalo halitakaa bure baada ya safari. Umeme ukikatika Kinama au Kanyosha, watoto watasoma kwa taa yake, na bibi atampigia mwanawe aliye mbali. Na huko safarini lina kazi kubwa kuliko muziki: viboko hutoka ziwani usiku kutafuta majani, hata pembezoni mwa Bujumbura. Hema likae mbali na maji, na taa iwepo kwa kila anayetoka nje.

Basi Jumamosi hii kaeni watu watano, andikeni orodha ya vifaa vyenu, pigeni hesabu, mteue mweka hazina wa mchango. Likishakamilika, msiondoke nalo mara moja. Usiku wa majaribio ufanyike nyumbani: washeni taa zote saa kumi na mbili jioni, chajini simu zote, na kila saa mmoja wenu apime volti na kugusa nyaya kwa kiganja aone kama kuna joto, aandike daftarini. Taa zikikaa hadi saa tano usiku kama hesabu ilivyosema, na nyaya ni baridi, kateni tiketi za Rumonge. Zikizima mapema, fungueni kifuniko, fuateni waya mmoja mmoja kuanzia kwenye fyuzi, na mjaribu tena Jumapili.