Mmejuaje?

Mama alipotapeliwa shilingi 180,000 za maharage, hakwenda polisi. Alinipigia mimi. "Si ndiyo mambo unayosomea hayo? Basi mtafute." Ujumbe ulikuwa ule ambao karibu kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata: ile pesa itume kwenye namba hii. Kwa bahati mbaya, siku hiyo kweli alikuwa amemwahidi mjomba pesa ya mbolea. Akatuma, bila kusoma jina la mpokeaji.

Nasoma shahada ya uzamili, na mada yangu ni matumizi ya akili mnemba katika kupambana na uhalifu wa mtandaoni. Wengi darasani kwetu tunatarajia kuishia polisi, kwenye ofisi za mashtaka au katika vitengo vya usalama vya benki. Niliporudi Kitanga likizo, nikakuta kesi yangu ya kwanza inanisubiri, tena imeshaamuliwa kabla sijavua viatu. Jina lililokuwa kwenye ujumbe wa muamala lilikuwa la bibi mmoja wa kitongoji cha pili. "Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole," kijana mmoja akaniambia. "Kidole hakidanganyi."

Sikuwa na jibu, maana hiyo ndiyo imani ya fani yangu. Darasani nilikuwa nimetengeneza programu ya kupima laini za simu. Unailisha kumbukumbu za matapeli waliokwisha kukamatwa, nayo inajifunza walivyofanana: kitambulisho kimoja chenye laini nyingi, simu moja inayobadilishwa laini kila mara, pesa inayoingia na kutolewa papo hapo. Kisha unaipa laini mpya, inakupa alama kati ya 0 na 1. Nilipongezwa kwa kazi hiyo. Lakini Kitanga simu moja yaweza kuhudumia nyumba tatu, kila mtu akichomeka laini yake. Msimu wa maharage pesa huingia na kutoka siku hiyohiyo. Mpaka wa Burundi uko karibu kiasi kwamba simu hushika mtandao wa ng'ambo bila kuombwa. Kwa macho ya programu yangu, kata nzima ni watuhumiwa.

Haya hayatokei kwetu tu. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata Robert Williams mbele ya mke na mabinti zake, kwa sababu kompyuta ilifananisha picha ya leseni yake na picha ya mwizi wa saa dukani. Hakuwa yeye. Miaka miwili kabla yake, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili akiwa mzaliwa wa Addis Ababa, walikuwa wameonyesha kuwa programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Onyo lilikuwepo. Lakini mashine ilikuwa imeshasema, na walioisikia hawakuuliza sana.

Sisi wa Kigoma tabia hiyo tunaijua kwa jina jingine: kamchape. Huitwa kijijini kufichua wachawi. Huingia nyumbani kwa mtu, hutoka na pembe, na kuanzia hapo mwenye nyumba hana la kujitetea, kwa sababu hakuna anayethubutu kuuliza pembe ilijulikanaje kuwa imo. Na kwingineko kanda ya magharibi, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, wekundu walioupata kwa moshi wa jikoni. Wauaji nao walikuwa wakipima mtu kwa kufanana.

Rafiki yangu darasani hukasirika nikisema hivi. "Aliyeibiwa ni mama yako. Wewe unamtetea nani?" Ana hoja. Miamala ni mingi kuliko macho ya askari. Na walioua vikongwe ni binadamu, si kompyuta. Ila mashine ikiniambia nitazame wapi, imenisaidia. Ikiniambia nani ana hatia, imempokonya mtuhumiwa swali lake. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda mtu dhidi ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Ulinzi huo utamfaa nini ikiwa mpelelezi mwenyewe hawezi kueleza alama ya 0.91 imetoka wapi?

Tulikwenda kwa yule bibi, mimi na mama, vijana wakitufuata. Aliposikia shtaka hakulia wala hakuapa. Aliuliza, "Mmejuaje kuwa ni mimi?"

Nikamsomea ujumbe. Kisha nikaomba kitochi chake, nikapiga *106#, tukaangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilikuwa tatu. Yeye alikuwa anaijua moja. Ndipo akakumbuka kijana aliyekuwa akisajili laini gulioni, aliyemwambia aweke kidole tena na tena, eti mashine haijasoma.

Kidole hakikudanganya, kweli. Kilidanganywa.

Pesa ya mama haijarudi. Kesho yake wanawake wale wawili walipanda bodaboda moja kwenda polisi, mmoja ameibiwa pesa, mwingine ameibiwa jina. Mimi nilirudi chuoni nikaibomoa programu yangu. Mpya bado inatoa alama, lakini chini ya kila alama inaandika sababu zake, kwa Kiswahili, ili bibi akisomewa aweze kujibu. Kwa ajili hiyo ilibidi nitumie mbinu rahisi zaidi, na baadhi ya matapeli ambao ile ya kwanza ingewanasa sasa watapita. Huenda mmoja wao ndiye atakayemtumia mama ujumbe mwingine. Nimekubali gharama hiyo. Yeye bado sijamwambia.