Mzee Hajakununia

Unampita mzee barazani, unamwamkia shikamoo, naye anakutazama tu, uso haukunjuki. Umeshasonga mbele ndipo "marahaba" inatoka, kwa sauti ya chini ambayo huisikii tena. Jioni unawaambia wenzako kwamba mzee yule siku hizi anajisikia. Wengine wananong'ona kuwa karogwa, maana mkono wake unatetemeka hata akiwa ametulia, gumba na kidole cha shahada vikisuguana bila kukoma.

Naomba tusiwe wepesi hivyo wa kuhukumu. Huenda tabia yake haijabadilika hata kidogo, na tatizo liko ubongoni, katika namna seli zake zinavyopashana ujumbe.

Seli za neva hazigusani. Baina ya moja na nyingine mara nyingi kuna mwanya mwembamba mno, wa nanomita 20 hivi, na umeme uliosafiri ndani ya seli ya kwanza huishia ukingoni. Hapo seli humwaga kemikali, nayo huvuka na kunasa kwenye vipokezi vya seli ya pili, ikaiamsha au ikaituliza. Dopamini ni mojawapo ya kemikali hizo. Mitandaoni wameibandika jina la kemikali ya furaha, na jina hilo silipendi, kwa sababu linaficha kazi yake nzito: ikipungua sana, mwili unashindwa kuanza kujongea.

Mwaka 1957, Arvid Carlsson wa Sweden aliwadunga sungura reserpini, dawa inayokausha akiba ya dopamini ubongoni pamoja na kemikali nyingine. Sungura wakaduwaa, masikio yamelala, hawajongei. Kisha akawadunga levodopa, ambayo ndiyo malighafi ya dopamini. Muda si mrefu wakainuka. Mwaka 2000 kazi yake ilimpatia Tuzo ya Nobel, akiwa na wenzake wawili.

Ugonjwa wa Parkinson unamfikisha binadamu hali inayofanana na ya sungura wale walioduwaa, ila taratibu. Seli zinazotengeneza dopamini katika ubongo wa kati zinakufa, na dalili zinapoonekana wazi, nyingi zimeshakwisha. Herufi anazoandika zinazidi kuwa ndogo mstari kwa mstari. Mkono mmoja unaacha kwenda mbele na nyuma anapotembea. Kifungo cha shati kinamshinda. Utani wenu anauelewa na unamchekesha, lakini misuli ya uso haijapata ujumbe.

Watafiti waliowasaka wagonjwa wilayani Hai, Kilimanjaro, walieleza mwaka 2008 kwamba wengi waliokutwa na ugonjwa huu hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini, sembuse kupewa dawa. Jambo hili linaniuma. Levodopa imetumika kwa wagonjwa tangu miaka ya 1960, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, lakini kwa wengi hurudisha mwendo kwa miaka kadhaa.

Basi mpelekeni hospitali, mumweleze daktari mliyoyaona, hata yale madogo. Akiandikiwa dawa, saa zake ziheshimiwe. Kidonge kikichelewa, mzee anaweza kukwama mlangoni, mguu umegoma kuinuka. Hapo usimvute mkono wala usimsukume, ataanguka. Simama ubavuni pake, mhesabie moja, mbili, tatu, au mwonyeshe mstari wa sakafu auvuke. Mara nyingi mguu unaitika.