Nyoka wa Shaba Kanisani

Sisi tukaao kando ya Ziwa hili twasikia habari za Mukasa, ambaye Waganda wa zamani walimhesabu kuwa bwana wa maji. Kabla ya kuvuka, wapiga makasia walimtolea sadaka ili mawimbi yatulie. Mwishoni mwa mwaka 1879 Mfalme Mutesa wa Buganda alikuwa mgonjwa, na mtu aliyesema kwamba Mukasa humpanda kichwani akaitwa amponye. Bwana Mackay, mmishenari fundi wa vyuma, alilipinga jambo hilo. Nasi tusikiapo hayo twasema, “Watu wale walikuwa gizani,” tukajiona sisi tu salama.

Lakini sanamu ni nini? Wengi watajibu kwamba ni mti uliochongwa. Jibu hilo ni jepesi mno. Musa alifanya nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu mwenyewe, na walioumwa walipomtazama wakapona. Hata hivyo, baada ya miaka mingi wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba, ndipo Mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Nyoka yule hakutoka kwa wachawi. Alikuwa kipawa cha Mungu. Umbo lake halikubadilika. Mioyo ya watu ndiyo iliyobadilika.

Basi, tujitazame. Kengele ni njema, na bati juu ya kanisa ni jema, na kuimba kwa sauti nne ni kwema. Lakini mtu akishika kiti cha mbele kana kwamba ni urithi wake. Waimbaji wakinuna kwa kuwa hawakusifiwa. Mwenye kuuza pamba akitoa fedha zake ili zisikike zikilia sahanini, kisha akamdharau mjane aliyeleta mayai mawili: hapo aabudiwaye ni nani?

Labda mtu atauliza, “Je, tuivunje kengele?” La, hasha. Hezekia alimvunja nyoka, Hekalu hakulivunja. Kipimo ni hiki: kitu hicho kikiondolewa, je, sala yako yabaki? Bwana Mackay alipoondolewa Buganda mwaka 1887, alikuja kukaa Usambiro, kusini mwa Ziwa, mbali na mji wa mfalme na makutano yake. Huko aliendelea na kazi yake hata alipofariki Februari 1890. Mwaka 1927 mifupa yake ikahamishiwa Namirembe kwa heshima. Heshima hiyo yafaa. Lakini tukijivunia kaburi la mtumishi na kuusahau utumishi wake, tumejifanyia nyoka mwingine.

Jumapili ijayo, kabla ya kuingia kanisani, kila mmoja na ajiulize: nikiketi nyuma kabisa, jina langu lisitajwe, wala sadaka yangu isionekane, je, nitarudi nyumbani na furaha? Asiyeweza kujibu ndiyo, amwombe Mungu amvunjie nyoka wake, kisha aende akaketi karibu na yule mjane.