Ajali, Kinga na Breki za Pikipiki Ndogo

Katika London Road, inapotoka Thornton Heath Pond kuelekea Croydon, pikipiki ndogo zenye injini ya sentimita za ujazo 125 hazikatiki tangu adhuhuri hadi usiku. Nyingi zina bango la herufi L nyekundu, kwa kuwa mafunzo ya lazima ya CBT, yaliyoanzishwa Uingereza mwaka 1990, humruhusu mtu kupanda pikipiki ya ukubwa huo kabla hajapata leseni kamili. Na nyuma zimefungwa sanduku la chakula. Na afikiriwe mmoja wa wapandaji hao, mzaliwa wa Tanga, mwenye skuta iliyosajiliwa mwaka 2012. Inawaka bila matata, imepita ukaguzi wa mwaka, na breki zake zinafanya kazi kama zilivyotoka kiwandani. Haina ABS, yaani mfumo unaolizuia gurudumu lisijifunge pale breki inapobanwa kwa ghafla. Mfumo huo haupachikwi kirahisi kwenye chombo ambacho hakikuundwa nao. Kwa hiyo kuboresha breki, baada ya kubadili pedi na matairi, ni kununua pikipiki nyingine kwa pauni elfu kadhaa. Fedha hizo anazo. Ndizo alizokusudia kumalizia paa la nyumba ya mama yake. Je, ana wajibu wa kuzitumia kwa breki?

Sheria haimsaidii sana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 168 ya mwaka 2013, iliyoihusu Uingereza ilipokuwa bado mwanachama, ililazimisha pikipiki kubwa mpya ziwe na ABS, kuanzia 2016 kwa miundo mipya na 2017 kwa zote. Kwa daraja la 125, mtengenezaji aliachiwa achague: ama ABS, ama mfumo wa bei nafuu unaounganisha breki ya mbele na ya nyuma. India nayo ilichora mstari unaofanana na huo mwaka 2019. Sababu inaeleweka, maana gharama ya ABS ni sehemu ndogo ya bei ya pikipiki kubwa na sehemu nono ya bei ya pikipiki ndogo. Lakini fuvu la mpandaji halipungui unene au kuongezeka kwa kadiri ya injini aliyoikalia. Sheria imegawa usalama kwa kipimo cha mfuko, kisha ikamwachia mwenye mfuko mdogo hiari ya kujiongezea.

Mswahili anayetafuta kauli ya kumtuliza ataikuta tayari: ajali haina kinga. Husemwa matangani, huandikwa nyuma ya mabasi, na mara nyingine hutajwa na fundi anayefunga kifaa alichokwisha kukitilia shaka. Neno lenyewe lina historia. Limetoka katika Kiarabu, ajal, muda uliowekwa, hasa ukomo wa uhai, na kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza kwa maana ya mauti na majaaliwa. Maana ya mgongano wa vyombo imelikalia juu, kama rangi mpya juu ya mlango wa zamani. Ikisomwa kwa maana ile ya kale, kauli hiyo haina ubishi, kwani saa ya mtu ikifika haizuiliki. Ikisomwa kwa maana ya leo, si kweli. Mgongano una kinga nyingi, na baadhi yake zina bei iliyobandikwa dukani. Kosa liko katika kuivusha kauli kutoka maana moja hadi nyingine bila kulipa ushuru. Kwa mfiwa ni neno la rehema, kwa maana linamwondolea mzigo wa kujiuliza kama angaliweza kufanya zaidi. Kwa mnunuzi aliyesimama dukani, kabla lolote halijatokea, neno hilohilo ni njia ya kujisamehe mapema. Hata kisa mashuhuri cha ngamia, aliyetakiwa afungwe kamba kwanza ndipo mwenyewe amtegemee Mungu, hakikuacha nafasi ya udhuru huo.

Breki ina jambo moja la kipekee kimaadili. Inahitajika katika muda ambao hakuna kufikiri. Gurudumu la mbele la gari likijifunga, gari huteleza likiwa bado limekalia magurudumu yake manne. La pikipiki likijifunga, mpandaji huwa chini kabla hajajua kilichotokea. Kwa kuijua hatari hiyo, asiye na ABS hubana breki kwa woga, pungufu ya uwezo wake, akapoteza mita alizozihitaji. Aristotle aliona kwamba ushujaa wa mtu hudhihirika zaidi katika hatari ya ghafla, kwa sababu hapo hutenda tabia yake iliyojengwa zamani na si hesabu zake za wakati ule. Hoja hiyo inaweza kupanuliwa hadi kwenye chombo: sehemu ya kile kitakachotenda katika nusu sekunde pale London Road ni uamuzi uliofanywa dukani miezi kadhaa nyuma. Uchunguzi wa Insurance Institute for Highway Safety ya Marekani umekuta pikipiki zenye ABS zikihusika katika ajali za vifo kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya moja ya tano, ingawa zilizochunguzwa kwa jumla ni kubwa kuliko hizi za wapeleka chakula.

Pingamizi zito linatoka Munich. Katika miaka ya 1980, baadhi ya teksi za huko zilifungwa ABS na nyingine hazikufungwa. Wachunguzi hawakukuta tofauti ya maana katika idadi ya ajali, kwani madereva waliopewa breki bora walikuwa wameanza kuendesha kwa pupa zaidi. Mwanasaikolojia Gerald Wilde, katika kitabu chake Target Risk cha mwaka 1994, aliutegemea mfano huo kudai kwamba mtu hubeba kipimo chake cha hatari, na akipunguziwa hapa hujiongezea pale. Dai lake ni pana mno. Halielezi vizuri yale matokeo ya pikipiki. Hata hivyo linagusa penye kidonda. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unakadiria kwamba gari hutumia mita 23 hadi kusimama likiwa katika maili 30 kwa saa, na mita 12 likiwa katika maili 20. Hakuna breki ya dukani itakayompa mpandaji mita 11. Mkono wake wa kulia unaweza kumpa leo, bila hata senti ya ununuzi, isipokuwa kwamba analipwa kwa kila mzigo anaoufikisha, na mwendo wa polepole ni kukatwa mshahara kila siku.

Kule Tanga, mwendesha bodaboda aghalabu hupanda pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea mwenyewe hesabu. Breki huchaguliwa na tajiri asiyeipanda, na lawama ina pa kwenda. Thornton Heath, mpandaji ni tajiri na dereva kwa wakati mmoja. Hili huitwa uhuru, na kwa kiasi fulani ni uhuru kweli.

Ndiyo maana swali lake huchukuliwa kuwa la faragha: maisha yake, fedha zake, mama yake. Angekuwa peke yake barabarani, mtu angeweza kumtetea akichagua paa. Kujihatarisha kwa ajili ya mzazi kuna heshima yake, na anayemwambia kwamba mama angependelea mwana mzima kuliko mabati anasema kweli ambayo yeye anaijua tayari. Lakini katika London Road wanavuka watu waendao Croydon University Hospital, ile ambayo wazee wa mtaa bado wanaiita Mayday: wenye magongo, wenye watoto wachanga, wauguzi waliotoka zamu ya usiku. Hao hawakuulizwa. Tangu Agosti 2023, ukanda wa hewa safi wa London umefika mpaka Croydon, na pikipiki ya zamani isiyotimiza kipimo cha moshi hutozwa pauni 12.50 kwa siku, kwa hoja kwamba mapafu ya jirani si mali ya mwenye chombo. Skuta ya mwaka 2012 haitozwi chochote. Mita zake za ziada za kusimama, zinazopita mbele ya miguu ya jirani huyohuyo, hazina ushuru.

Kwa hiyo fedha zile hazikuwa zote za paa. Sehemu yake ilikuwa amana ya watu wanaovuka, iliyowekwa mikononi mwake bila wao kujua, na mtu hajengi kwa amana hata nyumba ya mama. Anaweza kuomba muda, kama mwenye deni yeyote. Akinunua mwaka ujao badala ya mwaka huu, deni la miezi kumi na miwili analilipa kwa mwendo wa maili 20, akiacha mizigo miwili au mitatu kila jioni iende kwa wenye haraka, na kuieleza Tanga kwa simu kwa nini kilichotumwa mwezi huu ni pungufu.