Mjumbe wa Wodi na Mkono Mtupu

Mjumbe ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa ana mtumaji. Ugumu ni kujua alitumwa kufanya nini. Nchini Kenya swali hili limekuwa zito tangu Machi 2013, yalipochaguliwa mabunge ya kwanza ya kaunti chini ya Katiba ya 2010. Kaunti ni 47, wodi ni 1,450, na kila wodi hupeleka mtu mmoja bungeni kwa miaka mitano; wengine huongezwa kwa viti maalumu ili jinsia moja isizidi theluthi mbili. Wazo si geni. Mwaka 1963 nchi hiyo ilijitawala ikiwa imegawanywa katika majimbo, na Ronald Ngala aliongoza baraza la jimbo la Pwani. Lakini mamlaka yale yalirudishwa Nairobi kabla raia hawajazoea kuyadai.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, imetaja kazi za mjumbe: awe karibu na waliomchagua na kushauriana nao, apeleke maoni yao bungeni, ahudhurie vikao, atie elimu na uzoefu wake katika mjadala. Kisha yamkataza jambo moja, yaani kushiriki, waziwazi au kwa mzunguko, katika utendaji wa serikali ya kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mtumishi wake. Sababu yake si fumbo. Bunge ndilo lipitishalo bajeti na kumkagua gavana, na mkono uliochota hauaminiwi kuhesabu kilichochotwa.

Lakini nenda nyumbani kwa mjumbe huyo alfajiri. Utamkuta mama anayetaka karo, kijana anayetaka kazi, wafiwa wanaodaiwa hospitali kabla ya kupewa maiti wao, na wazee wenye haja ya mabati ya msikiti au kanisa. Hapana aulizaye habari za mswada. Mkono mtupu haulambwi, husema wahenga, na neno hilo lina nguvu mlangoni pale kuliko kifungu cha 9.

Wako wasemao kwamba na atoe, maana njaa haingoji bajeti. Nakubali nusu. Mgonjwa aliye mlangoni ni jirani kabla hajawa mpiga kura, na haki ya ujirani haifutwi na kiapo. Walakini mshahara wa mtu mmoja hautoshi shida za maelfu. Atoaye kuliko apatavyo hana budi kujaziwa pengo na mtu, na kisima kilicho karibu ni ofisi ya gavana, yule yule aliyetumwa kumchunga. Hulipa kwa kunyamaza katika kamati. Tena kuna dhara ambalo kwangu ni zito zaidi: dawa ambayo mgonjwa alistahili kuipata katika zahanati ya kaunti humfikia kama zawadi, naye hushukuru pale ilipompasa kudai hesabu.

Mtazame sasa mjumbe mwaminifu. Usiku kucha husoma makadirio, na asubuhi huuliza kwa nini zahanati iliyokwisha jengwa haina muuguzi. Nani atamwona? Fedha iliyookolewa isiibwe haina jiwe la msingi wala utepe wa kukatwa. Kijijini huitwa mchoyo, na miaka mitano ikiisha husimama uwanjani na mwenye mkono mpana, akashindwa.

Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Basi mjumbe huyo na awachukue wale wageni wake wa alfajiri, siku ya makadirio, wakakae na kusikia zahanati yao ikitajwa kwa tarakimu, ikiongezewa au ikipunguziwa, na nani alisema nini. Nauli ya safari hiyo, nadhani, aweza kuitoa mfukoni mwake bila ya kuivunja sheria.