Hodi Katika Chumba cha Mtoto

Tunapompa mtoto chumba, tunampa nini hasa? Swali hili huonekana jepesi mpaka chumba chenyewe kiwe kidogo. Chumba kikubwa huficha nia za wakubwa, kwa kuwa kila kitu hupata pembe yake. Katika chumba kidogo hakiingii kitu bila kukisukuma kingine, na hapo huonekana wazi ni nani hasa tuliyemfikiria tulipokuwa tukikipanga.

Nina mfano wa karibu. Mwanangu alihamisha magunia kutoka stoo ya nyumba yake hapa Tanga ili binti yake wa miaka 9 apate pake pa kulala. Chumba hicho ni futi 6 kwa 8. Yeye na mkewe wakaandika orodha ya vitu: kitanda, kabati la nguo, meza ya kusomea na kiti. Nami, kwa mazoea ya ualimu, nikafanya hesabu. Chumba chote ni futi za mraba 48. Kitanda cha futi 2 na nusu kwa 6 kinachukua 15, kabati la futi 2 kwa 4 linachukua 8, na meza ya futi 2 kwa 3 inachukua 6. Zinabaki 19, lakini hazibaki mahali pamoja. Kitanda kikilazwa kwenye ukuta mrefu na kabati likasimama ukuta wa pili, njia ya katikati ni futi 1 na nusu. Mtoto angepita ubavu-ubavu kama kaa. Angekuwa na samani, asiwe na chumba.

Wazee wetu wa pwani waliijua shida hii. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Wajenzi wale walitia vidaka katika kuta nene, vyombo vikakaa ukutani na sakafu wakaachiwa watu. Kuta zetu za matofali ya saruji haziwezi vidaka, ila zinaweza rafu. Basi kabati likaachwa. Fundi seremala akatengeneza kitanda cha miguu mirefu kidogo, na sanduku la mbao likaingia uvunguni. Rafu 2 na vigingi vya kutundikia nguo vikafungwa kwenye kimo cha mtoto. Ubao wa kuandikia ukatiwa bawaba ukutani, ukawa wa kukunjwa masomo yakiisha. Dirisha halikuzibwa, na chandarua kikapata pa kuning'inia.

Kimo cha mtoto si jambo la urembo. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alisisitiza meza na viti ambavyo mtoto aweza kuvihamisha kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na haki. Nguo ambazo mtoto hazifikii zinatunzwa na mtu mwingine, hata kama tunaziita nguo zake. Na asiyetunza hawezi kulaumiwa kwa kutotunza.

Hapo kazi ya seremala ilikwisha, yetu ikaanza. Je, lile sanduku la uvunguni ni la nani? Mama mtu aliona nafasi iliyosalia humo inafaa kuwekea mashuka ya wageni. Mwanangu naye akaniambia, "Baba, sisi tulilala wanne mkekani na hatukudhurika. Mtoto akizoea changu, changu, si atakuwa mchoyo?"

Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Kulala pamoja kulitufunza kuvumiliana na kusikilizana. Hata hivyo, si kweli kwamba mila zetu hazikumtengea kijana mahali. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na desturi ambayo wavulana wa rika moja, wangali wadogo, waliondoka nyumbani kwa baba zao, wakajijengea vibanda na kuanza kijiji chao, ingawa chakula waliendelea kula kwa mama zao. Hakuna aliyesema desturi ile inazaa wachoyo. Bali ilisifiwa kwa kufunza umoja. Mtu aweza kuwa na pake na bado akawa wa wenzake.

Tena nasema hivi: ukarimu hauwezekani pasipo umiliki. Mtoto ambaye kila alicho nacho huchukuliwa bila kuulizwa hajifunzi kutoa. Anajifunza kunyang'anywa, na pengine kunyang'anya atakapopata nguvu. Hilo lilijaribiwa upesi. Shangazi yake alikuja mjini kwa matibabu ya wiki kadhaa, na kitanda kilihitajika. Ilikuwa rahisi kumwambia mtoto, "Leo utalala sebuleni." Nilimwomba mwanangu amwulize kwanza. Akamwuliza. Mtoto alifikiri kidogo, kisha akasema, "Shangazi alale kitandani kwangu. Ila sanduku langu lisiguswe." Kitanda kilikuwa kimeagizwa mara nyingi katika historia ya familia zetu, safari hii kilitolewa.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake pasipo sababu ya haki. Wapo wanaoona haya ni mambo ya kigeni. Mimi sioni hivyo, maana sisi tuna hodi. Hatuingii kwa jirani maskini ambaye mlango wake ni pazia tu mpaka tubishe hodi na kusikia karibu. Tukibisha mara tatu kimya, twarudi. Hatuulizi nyumba ina ukubwa gani wala kodi analipa nani. Twamheshimu mtu aliye ndani. Basi kwa nini heshima hiyo ikome kwenye mlango wa mtoto wetu?

Sisemi mzazi ajifanye kipofu. Akisikia kilio, akiona dalili ya ugonjwa au ya hatari, na aingie, kwani kulinda ni wajibu wake. Lakini udadisi si ulinzi, na kukosa pa kuweka mashuka si hatari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na stoo ya futi 6 kwa 8 na mtoto wa kuilaza humo, usianze na duka la samani. Pima sakafu, punguza orodha, teremsha rafu. Kisha mpe kitu kimoja kisicholipiwa fundi: ukifika mlangoni pake, simama, ubishe hodi, usubiri jibu.