Mzee na Taipureta Yake

Filamu ya Starting Out in the Evening, iliyotengenezwa Marekani mwaka 2007 kwa bajeti ndogo na mwongozaji Andrew Wagner, inakwenda polepole kama mazungumzo ya wazee. Mhusika wake mkuu ni Leonard Schiller wa New York, anayeigizwa na Frank Langella. Ameandika riwaya nne, zote zimeadimika madukani, na ya tano imemkwamia kwa miaka.

Schiller huvaa tai hata akiwa nyumbani, kisha huketi mbele ya taipureta. Kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kuwafuata wahusika nyumanyuma hadi wafanye jambo la maana. Wanagoma. Naye hanyanyuki. Mwanafunzi kijana, Heather, anakuja kumhoji kwa ajili ya tasnifu, anachokonoa vidonda vya zamani, na bado ukurasa haujai.

Naiheshimu filamu hii kwa sababu haimdanganyi mtazamaji. Mara nyingi sinema humpa mwandishi aliyekwama penzi jipya, na kufumba na kufumbua kitabu kiko sokoni! Hapa mzee anapigwa na kiharusi, mwili unamgomea, na bado anairudia taipureta. Langella anayabeba yote hayo kwa macho na kimya. Kwangu ni miongoni mwa kazi zake bora.

Wewe uliyeufungia mswada kabatini kwa kuwa maneno yamekauka, utoe leo. Keti nao, hata kwa nusu saa.